Mjomba, mdogo wangu kausikia "Moja" bila mimi

Mjomba shikamoo. Naomba usinicheke, maana jambo lenyewe nikiwasimulia watu huku wanacheka kwanza ndo wanauliza, eti ndugu wa tumbo moja hawasalimiani miezi kumi sasa kisa bendi ya wazungu.

Mimi ni mtu wa Tanga, niko Hamburg mwaka wa nane sasa, nafanya kazi kwenye godauni la vifurushi, shifti za usiku. Mdogo wangu wa kiume yuko Munich, mpishi. Tumebaki wawili tu na bi mkubwa yuko nyumbani. Zamani tulikuwa watatu, kaka yetu mkubwa alifariki 2009 na hii habari yote ukiichimba ni ya kwake yeye.

Kaka ndo alituingiza kwenye Metallica, ndo hiyo bendi yenyewe. Nilikuwa darasa la tatu au la nne hivi, kuna baharia jirani yetu alimpa kaseti ya kurekodi haina hata kava, juu imeandikwa kwa kalamu METALIKA kwa k. Redio yetu ilikuwa ya betri nne zile kubwa, na zikiisha nguvu hununui nyingine, unazianika juu ya bati zipate joto la jua halafu unarudisha, wa umri wangu wanajua ninachosema. Sasa kwenye hiyo kaseti kulikuwa na wimbo unaitwa One, kaka akaupa jina la Moja. Unaanza taratibu, gitaa linapita kama mtu aliyeshika viatu mkononi asiwaamshe watu, halafu unapanda, unapanda, mpaka mwisho ngoma zinapigwa kama bunduki. Na betri zikiwa zimechoka ule mwanzo ulikuwa unavutika zaidi, sauti nzito kama ya mtu ametoka usingizini, na mimi nilijua wimbo ndo ulivyo. Mpaka leo nikiusikia kwenye simu naona kama wameukimbiza.

Bi mkubwa alikuwa akipita na ndoo yake anasimama mlangoni anauliza, "Huyo mzungu anaumwa nini?" Kaka anamjibu, mama huyo ni mwanajeshi kakanyaga bomu, hana mikono hana miguu, haoni hasikii wala hawezi kuongea, yuko hospitali anaomba wamuache afe (yule baharia alikuwa amemueleza maneno). Mama akasema masikini, akaenda zake. Kuanzia siku hiyo akisikia tu tumewasha anauliza mgonjwa wenu hajambo?

Kaka alivyofariki mimi na mdogo wangu tulikaa nyuma ya nyumba usiku wa tatu tukaahidiana, kwamba ipo siku tutausikia Moja laivu, wote wawili, tumesimama. Utoto tu, wakati huo hata pasipoti hatuna. Lakini maisha yakatuleta huku kila mmoja kwa njia yake, na mwisho wa 2022 nikaona tangazo kwamba Metallica watapiga Hamburg, Volksparkstadion, Ijumaa tarehe 26 na Jumapili tarehe 28 Mei 2023. Mjomba nililia nikiwa kwenye treni.

Sasa kosa langu nalisema mwenyewe. Tiketi za siku mbili zilitangulia, bei ikanishinda, nikasubiri za siku moja moja. Jumapili nina shifti, nikasema basi Ijumaa. Mimi nilijua shoo ni ileile wanarudia, kama taarabu inavyopigwa leo hapa kesho pale. Kumbe mtindo wao kwenye ziara hii ni kwamba wakikaa mji mmoja siku mbili hawarudii wimbo hata mmoja, cha Ijumaa ni cha Ijumaa na cha Jumapili ni cha Jumapili, na ilikuwa imeandikwa kabisa, mimi Kijerumani changu cha godauni nikapita nayo tu. Nikamtumia mdogo wangu skrinishoti kabla sijalipa, akajibu sawa dada lipa. Nikalipa.

Hiyo Ijumaa sitaisahau. Tumeshuka kituo cha Stellingen, tunatembea na umati kuelekea uwanjani, wazee wana ndevu nyeupe wamevaa vikoti vya jinzi havina mikono vimejaa viraka vya bendi, watoto wamevalishwa yale mahedifoni makubwa ya kuzuia kelele, mdogo wangu ananiambia dada angalia, hawa wote ni wagonjwa wenzetu. Ndani jukwaa haliko mwisho wa uwanja kama tulivyozoea, ni duara kubwa limewekwa katikati kama pete, na ndani ya pete kuna watu wamesimama, na kuzunguka kuna minara yenye skrini. Mpiga ngoma ana seti nne, anahama, kwa hiyo ukikaa upande wowote zamu yako inafika. Kabla hawajatoka wakaweka kwenye spika wimbo wa bendi nyingine, AC/DC, uwanja mzima ukaimba, halafu ikaingia ile muziki ya filamu ya kikauboi ya Ennio Morricone wanayoingilia siku zote, mjomba nilisisimka mpaka meno.

Wakapiga. Wakapiga vizuri, sisemi uongo. Kuna muda waliachia mipira mikubwa kama ya ufukweni ikawa inarukaruka juu ya vichwa, mzee mmoja Mjerumani akanipa zamu niusukume. Ila mimi nilikuwa nahesabu. Kila wimbo ukiisha nasema unaofuata ndo wenyewe. Wakaingia Master of Puppets, watu wakapasuka, nikasema sasa baada ya hapa. Baada ya hapa taa zikawaka, wakaanza kuzunguka wanarusha vile vipande vya kupigia gitaa na fimbo za ngoma, watu wanaanza kuondoka, mimi nimemshika mdogo wangu mkono wa shati namwambia subiri, bado Moja. Akaniambia dada, wamemaliza. Namwambia subiri bado Moja. Tulisimama pale mpaka watu wa usafi wanakusanya bilauri za plastiki.

Njia nzima hakuongea. Nyumbani akaingia kwenye simu akasoma, akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, wanaupiga Jumapili dada, ilikuwa imeandikwa. Nikamwambia samahani. Akasema haina shida. Ungekuwa wewe mjomba ungejua ina shida.

Jumapili mimi jioni nikaenda kazini, yeye akasema anapita kwa rafiki yake halafu usiku anapanda treni ya Munich. Kazini simu tunafungia kwenye makabati. Saa tisa usiku muda wa chai nafungua, nakuta simu zake ambazo sikupokea, tatu, saa nne na dakika 26, 26 tena, na 27, zote za video. Halafu saa nne na dakika 41 kanitumia video ya dakika saba na kitu. Hajaandika neno. Picha ya juu unaona giza, moto, na kisogo cha mtu. Alinunua tiketi kwa mlanguzi nje ya uwanja, hakuniambia.

Mjomba nilikaa chini pale kwenye kreti. Niliona kama kanichoma kisu halafu kanitumia picha ya kisu. Nikamwandikia maneno makali, nikamwambia kaka hakuwa wako peke yako. Akajibu, "Wewe ndo uliharibu." Basi. Tangu hapo bi mkubwa akipiga simu kila mmoja anajifanya anamsalimia mwenzake.

Ile video sijaifungua mpaka leo. Sasa wiki iliyopita kaniandikia: "Wanakuja Munich Mei, Jumapili ipo, ninunue mbili?" Nimesoma, tiki za bluu kaziona, sijajibu. Natamani, Mungu ndo shahidi. Lakini naona hata nikienda si ile ahadi tena, mimi nitakuwa nasikia mara ya kwanza na yeye mara ya pili, atakuwa ananiangalia mimi usoni kama mtu aliyeshaona filamu. Niende? Na hii video niifanyeje?

Dada Mtu, Hamburg

MJOMBA ANAJIBU

Marahaba mpwa wangu. Sijacheka. Nimecheka pale kwa bi mkubwa na ndoo tu, na nadhani pale uliandika ili nicheke.

Tuanze na hizo dakika, maana umeniandikia saa kamili kama karani wa mahakama halafu wewe mwenyewe hukuzisoma. Huo wimbo jukwaani hauanzi na gitaa. Unaanza na kelele za vita, giza, milio ya bunduki, mabomu, moto unaruka, na hapo uwanja mzima unajua nini kinakuja kabla ya noti ya kwanza. Mdogo wako amepiga saa nne na 26, na 26, na 27. Hizo si simu za mtu anayeringa. Huyo ni mtu amesikia bunduki, moyo umemruka, mikono inatetemeka anatafuta jina lako, unaita hupokei, anakata anapiga, unaita hupokei, anakata anapiga, na wimbo unaanza. Hapo akawasha kamera, akasimama dakika saba mkono juu anakurekodia wewe. Mpwa, mtu anayerekodi hasikilizi. Anaangalia kama mkono haujacheza, kama kisogo cha mbele hakijaziba, kama chaji itafika. Ninavyoona mimi kwenye hii familia mpaka leo hakuna aliyeusikia Moja laivu. Kwa hiyo hiyo hesabu yako ya mara ya kwanza na mara ya pili sikubaliani nayo.

Simsafishi. Kukudanganya kwamba anakwenda kwa rafiki ni kosa, na kosa baya kuliko la tiketi. Angekwambia Jumapili mchana dada mimi siwezi kulala, naenda kujaribu bahati nje ya uwanja, wewe ungelia, ungemfungia chapati ya njiani, na kazini ungeomba ruhusa ya kukaa na simu. Pengine alificha kwa sababu aliona aibu kwako, pengine alijua mlanguzi anaweza kumpa karatasi feki ikawa aibu mara mbili. Muulize yeye, mimi nabahatisha tu. Na lile neno la wewe ndo uliharibu alitakiwa alimeze. Skrinishoti aliletewa, Kijerumani anacho, akasema sawa dada lipa. Kosa la tiketi mgawane nusu kwa nusu, na nusu yako usiipunguze, ya taarabu sikuikubali kabisa, tangazo la siku mbili zenye nyimbo tofauti lilikuwa kubwa na ndo waliloliuzia ziara nzima.

Acha nikwambie yangu kidogo. Mwaka 2013 Metallica walikuja Johannesburg, Soccer City, uwanja uleule wa fainali ya Kombe la Dunia 2010. Mimi wakati huo niko kule kwa kazi, nimejibana miezi, wimbo wangu ni Master of Puppets, na nilijiambia huo nitausikia nikiwa karibu kiasi cha kuona jasho. Nikanywa bia mbili kwa hofu tu. Mpwa, umeanza niko chooni. Natoka mbio mkanda mkononi, mlangoni kuna askari wa getini, mama mtu mzima, kaweka vidole masikioni, ananiangalia kwa huruma kabisa ananiuliza baba unaumwa? Nikasimama pale pale nikamwimbia kibwagizo. Akatoa kidole kimoja akanisikiliza. Wenzangu waliokuwa mbele ukiwauliza leo hiyo siku ilikuwaje wanakwambia ilikuwa kali sana, basi, wameishia hapo, na mimi nina yule mama. Siuzi, hata mtu aje na tiketi ya mbele kabisa.

Ndo maana nikisoma barua yako naona umepita haraka kwenye Ijumaa. Umemshika shati mdogo wako unamwambia bado Moja, mpaka wafagiaji wanakuja. Kaka yenu angekuwepo hapo ungemuweka wapi kama sio katikati yenu?

Sasa Munich. Ni tarehe 24 na 26 Mei 2024, uwanja wa Olympiastadion. Mjibu leo, ukimaliza kusoma hapa. Usimwandikie insha, ya Hamburg msiyamalizie kwenye simu, maandishi hayana sura na nyie wote wawili mna hasira za kimya. Mwandikie "nunua" na ulize bei, nusu yako umtumie siku hiyohiyo, asije akakulipia akaona ameshaomba msamaha. Msamaha auombe kwa mdomo. Hakikisheni wote wawili, kwa macho manne, kwamba kwenye tiketi imeandikwa tarehe 26. Mwaka jana Jumapili walikuwa wanamalizia na Moja halafu Enter Sandman, kwa hiyo wakiwasha taa mapema usianze kuhesabu, wimbo wenu uko mwishoni. Na kazini kaombe hiyo Jumapili na Jumatatu kuanzia sasa, usisubiri Mei.

Kama bei imewashinda au tiketi zimekwisha kuna njia nyingine, na mdogo wako mtu wa Munich lazima anaijua. Pembeni ya uwanja kuna kilima cha majani, Olympiaberg, kukiwa na shoo kubwa watu wanapanda na mikeka na chakula wanakaa bure, sauti inafika, na kwa kuwa paa la uwanja ni lile la kama mahema na halifuniki pote, unaona na mwanga. Kilima chenyewe kimetokana na vifusi vya nyumba zilizobomolewa na mabomu ya vita kuu ya pili, walilundika huko mpaka pakawa mlima, majani yakaota. Kusikiliza wimbo wa yule mwanajeshi ukiwa umekalia vifusi vya vita, mimi hapo sina la kuongeza. Na ni uwanja wa heshima kwetu pia, humo ndo Akii-Bua wa Uganda alichukua dhahabu ya mita 400 viunzi 1972 na Kipchoge Keino akachukua ya kuruka maji na viunzi, michezo ileile. Mkichoka kusubiri tafuteni njia waliyopita.

Mkiwa ndani, nunueni vile vizibo vya masikio vya euro chache, havipunguzi utamu, kesho yake utanishukuru. Msisimame chini kabisa ya mnara wa spika. Na simu zenu zote mbili zikae mfukoni zikianza zile bunduki, hiyo ndo sharti yangu pekee, mtu akitaka video mtandaoni zimejaa na zimepigwa na watu warefu kuliko nyie.

Kuhusu video yako, ifungue. Usiogope kwamba itakuharibia, sauti ya uwanja kwenye simu ni kama mchele ndani ya debe, wimbo hauharibiki kwa hiyo. Fungua usikilize mwanzo, zile sekunde za kwanza kabla mkono haujatulia, maana mtu akiwa ndo kwanza amekosa kukupata hewani mara tatu mara nyingi huwa kuna kitu anasema. Inawezekana hakuna. Inawezekana ni mshindo tu na Wajerumani wanapiga mbinja. Lakini umekaa miezi kumi na barua imefungwa unagombana na bahasha.

Halafu mpigie bi mkubwa. Ya Hamburg msimwambie, mwambie tu Mei mnaonana Munich, mnakwenda kumwona mgonjwa. Atauliza kama hajambo.